Brandi ya saa iliyokufa imefufuliwa? Angalia haya kabla hujatoa hela

Siku hizi majina ya zamani ya saa za Uswisi yanarudi moja baada ya jingine, na ukiipenda ile staili ya dirisha dogo ambapo namba ya saa inaruka yenyewe, lazima utakutana na jina la Gérald Genta. Huyu ndo jamaa aliyechora Royal Oak ya Audemars Piguet (1972) na Nautilus ya Patek Philippe (1976), akafungua brandi yake 1969, na humo ndo zikatoka saa za namba inayoruka huku mshale wa dakika ukitembea kwenye nusu duara alafu unarudi mwanzo ghafla. Hadi za Mickey Mouse alitengeneza! Baadae Bulgari wakainunua brandi mwaka 2000, mwenyewe akafariki 2011, na 2023 kundi la LVMH, ambalo ndo lenye Bulgari na Louis Vuitton, likatangaza kuirudisha.

Sasa cha kwanza kuuliza ni nani anatengeneza, maana jina ni kitu cha kusajili na kuuza tu, mtu anaweza kulinunua bila kurithi hata fundi mmoja. Kwa Genta kazi imepewa La Fabrique du Temps, karakana ya saa ya Louis Vuitton, na waanzilishi wake Michel Navas na Enrico Barbasini waliwahi kufanya kazi kwa Genta mwenyewe, kwahiyo hapo kuna uhusiano wa kweli. Brandi nyingine unakuta ina historia ndefu kwenye tovuti ila ukiuliza mashine ya ndani imetoka wapi wanaanza kuzungukazunguka. Na usidanganyike na maneno Swiss Made pekee, tangu 2017 sheria inataka angalau 60% ya gharama za kutengeneza ziwe za Uswisi, iliyobaki inaweza kutoka popote.

Ukiishika mkononi, jaribu huo mruko, na hapa usiwe na haraka. Ndani kuna gurudumu la nyota lenye ncha 12 linalobeba diski ya namba, na kwenye mifumo mingi kuna kamu (kipande kinachozunguka) yenye umbo la konokono inayosukuma wenzo taratibu saa nzima huku springi ikikazwa, ikifika dakika ya 60 wenzo unaanguka na namba inaruka. Wauzaji wanapenda kukuonyesha kwa kuzungusha kitufe cha pembeni, lakini hapo nguvu inatoka kwenye vidole vyao, haikuambii chochote kuhusu saa yenyewe. Mwambie aiweke dakika ya 55 aiache itembee, piga stori mpaka iruke yenyewe. Namba ikae katikati ya dirisha, isibaki imelala upande, na mshale uwe kwenye 60 kweli, sio 57 wala dakika mbili baada. Ikiwezekana rudia wakati saa imekaribia kuisha nguvu, maana kuruka kunakula nguvu nyingi na mashine dhaifu inaumbuka hapo. Kuna saa nyingine namba inasogea polepole muda wote, hizo zimeundwa hivyo, ni nzuri pia, ila asikuuzie kwa bei ya inayoruka.

Mshale wa dakika kama ni ule wa kurudi, ukirudi usimame pale pale kwenye sifuri bila kudundadunda.

Ukishanunua, usirudishe muda kinyumenyume kupita saa kamili mpaka usome kitabu chake, mifumo mingine haivumilii kabisa na unaweza kuvunja kitu. Zungusha mbele tu, hata kama ni kuzunguka masaa kumi na moja.

Na kama unawinda ile ya zamani, sio hii mpya, uliza mapema kama karakana ya sasa inapokea za zamani na kama vipuri vipo, tena wakuandikie kabla hujalipa.