Kuichangia kliniki ya jirani: mwongozo kwa kikundi cha kujitolea

Vikundi vingi huanza na sanduku la michango, halafu ndipo huuliza kliniki inahitaji nini. Nyinyi anzeni upande wa pili. Kabla ya kuchapa bango hata moja, ombeni saa moja na daktari mkuu wa kliniki, muuguzi kiongozi na mtu anayeshika hesabu, wote watatu chumba kimoja. Daktari atataja mashine. Muuguzi atataja kinachokwamisha kazi kila siku, na mara nyingi ni kitu kidogo kuliko mlivyodhani: kitanda cha uchunguzi kisichoshuka kwa mgonjwa mzee, taa, mizani ya watoto. Mshika hesabu ndiye atakayesema kama soketi, nafasi na bili vinaruhusu.

Kwa kila kitu kitakachotajwa, andikeni majibu ya maswali haya palepale:

- Kitatumika kwa wagonjwa wangapi kwa wiki?
- Nani anajua kukitumia leo, na mtu huyo akihama nani atabaki?
- Kinakula nini: karatasi, elektrodi (vibandiko vya ngozini vinavyonasa umeme wa mwili), betri, vichujio, gesi?
- Nani atalipia matengenezo na ukaguzi wa usahihi wa vipimo?
- Je, kulikuwa na mtu mwingine aliyepaswa kukinunua?

Swali la mwisho linaudhi, lakini ulizeni. Kama kliniki ni ya umma, huenda kifaa kimo kwenye bajeti na kimecheleweshwa tu; mkikinunua nyinyi, fungu hilo litahamishwa kwingine na wagonjwa hawataongezewa kitu. Kama ni ya binafsi, mchango wenu unaweza kugeuka mali ya mwenye biashara, na siku akiiuza kliniki, mashine inaondoka nayo. Dawa yake ni mkataba wa ukurasa mmoja: kifaa ni mali ya kikundi, kliniki imeazimwa bila malipo, mgonjwa hatozwi ada kwa sababu ya kifaa hicho, na kliniki ikifungwa au kuuzwa kifaa kinarudi.

Bei ya kweli ni ya miaka 5

Hapa ndipo kampeni nyingi huharibika. Fedha zinapatikana, mashine inanunuliwa, picha zinapigwa, na baada ya miezi minane imefunikwa kitambaa.

Chukueni mashine ya kupima umeme wa moyo, ile wengi huiita ECG. Kipimo kamili cha njia 12 hutumia elektrodi 10 za kubandika kwa kila mgonjwa. Wagonjwa 15 kwa wiki ni elektrodi 150, na kwa mwaka ni 7,800. Ongezeni karatasi yake maalumu, ambayo maandishi yake hufifia ikikaa kwenye joto au mwanga, kwa hiyo hainunuliwi ya miaka mitatu kwa mkupuo. Ongezeni nyaya, maana ndizo hukatika kwanza. Mashine yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa ilhali haifanyi kazi kwa kukosa waya mmoja.

Mashine ya kushtua moyo uliosimama ni mtego wa aina nyingine: haitumiki kwa miezi, kwa hiyo hakuna anayeiangalia. Padi zake, yaani vibandiko vinavyowekwa kifuani, zina tarehe ya mwisho, kwa kawaida kati ya miaka 2 na 5, kwa sababu jeli yake hukauka, na betri nayo ina umri wake. Mkiinunua, nunueni na padi za akiba, kisha jina la mtu wa kuikagua kila mwezi liandikwe ukutani.

Mashine ya presha inaonekana rahisi, ila mkanda wake wa kawaida hufaa mkono wenye mzingo wa takriban sentimita 22 hadi 32. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za juu kuliko ukweli, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizohitaji. Ulizeni bei ya seti nzima ya mikanda. Jokofu la chanjo nalo ni lazima lishike nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi mfululizo. Friji ya nyumbani haifai: sehemu zake za ndani hupishana joto, na chanjo iliyogusa ukuta wa nyuma inaweza kuganda. Chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda ni miongoni mwa zinazoharibika kwa kugandishwa, na kwa kuitazama chupa tu huwezi kujua.

Kwa hiyo lengo lenu lihesabiwe hivi. Tuseme bei ya kifaa ni sehemu 100. Usafirishaji na ufungaji 8, mafunzo ya watumishi wawili au zaidi 5, vifaa vya kutumika na matengenezo 12 kwa mwaka kwa miaka 5, yaani 60. Jumla ni 173. Namba hizi ni za mfano. Zenu zitatoka kwa wauzaji watatu tofauti, kwa maandishi, kila mmoja akitaja muda wa dhamana, mahali alipo fundi na bei ya vipuri vitatu vinavyokufa kwanza. Kama kliniki itabeba ile 60, iandike na kutia sahihi. Ahadi ya mdomo ya "tutaona" ihesabuni kuwa sifuri.

Mtu akijitolea kuleta mashine iliyotumika, shukuruni kisha ulizeni: ina kitabu cha maelekezo? Ni ya volti ngapi? Vipuri bado vinatengenezwa? Ilikaguliwa lini usahihi wake? Jibu moja likikosekana, kataeni kwa heshima. Dawa zilizobaki majumbani msizikusanye kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na unakataza dawa zilizokwisha kutolewa kwa wagonjwa kisha zikarudishwa.

Fedha zishikwe na nani

Kikundi hakihitaji watu wengi. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wengine wanne au watano wanatosha. Mtumishi mmoja wa kliniki akae kikaoni kama mshauri, bila kura na bila kugusa fedha. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watia sahihi watatu kutoka nyumba tatu tofauti, wawili wakitosha kutoa fedha. Mume na mke wasiwe watia sahihi pamoja. Si kwamba ni wezi, ila siku ya maneno hamtakuwa na jibu. Michango ya simu iingie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, kamwe si kwenye simu ya mweka hazina. Na kabla ya kuomba hadharani, ulizeni mamlaka za kwenu kama uchangishaji unahitaji usajili au kibali. Bahati nasibu karibu kila mahali ina sheria zake.

Sasa sentensi moja itakayowaokoa. Fedha iliyoombwa kwa ajili ya mashine ya moyo ni ya mashine ya moyo. Ikizidi, au mashine ikapatikana kwa njia nyingine, hamna ruhusa ya kuigeuza viti vya mapokezi bila kurudi kwa waliochanga. Kwa hiyo kila bango, kila barua na kila ujumbe wa simu uwe na maneno haya tangu siku ya kwanza: "Fedha zikizidi lengo, au kifaa kisipoweza kununuliwa, zitatumika kwa mahitaji mengine ya wagonjwa wa kliniki hii." Mkiyaongeza baadaye, waliochanga mapema hawakuyakubali.

Sanduku

Sanduku la kliniki halileti fedha nyingi, lakini ndilo huleta lawama nyingi, kwa hiyo lipangwe vizuri kuliko kila kitu.

Liwe na namba, lifungwe kwa lakiri yenye namba ambayo haifunguki bila kukatwa, na lifungwe kwa mnyororo kwenye kitu kisichobebeka. Mahali pake ni karibu na mlango wa kutokea. Likikaa kwenye dirisha la mapokezi, mgonjwa anayesubiri kuitwa ataliona kama ada, na atajiuliza kama asipotoa kitu atawekwa nyuma ya foleni. Kwa sababu hiyohiyo mpokezi asimwombe mtu mchango, hata kwa mzaha, na daktari asijue nani katoa na kiasi gani.

Kufungua ni kazi ya watu wawili wasio ndugu, mezani, mchana, siku iliyopangwa. Mmoja anasoma namba ya lakiri kwa sauti, mwingine anailinganisha na daftari. Zisipolingana, msihesabu; mwiteni mwenyekiti kwanza. Zikilingana, kata lakiri, mwaga vyote mezani, geuza sanduku lionekane tupu. Tenga noti kwa thamani, halafu sarafu. Kila mmoja anahesabu peke yake na kuandika kwenye karatasi yake bila kuonyesha. Jumla mbili zikitofautiana, rudieni thamani ileile iliyopishana. Aghalabu ni noti mbili zilizoshikamana. Wote wawili watie sahihi kwenye fomu moja yenye tarehe, namba ya sanduku, lakiri ya zamani, lakiri mpya na jumla. Fedha ziende benki siku hiyohiyo au siku ya kazi inayofuata, zote bila kupunguzwa. Nauli ya mweka hazina hailipwi kutoka mezani. Mkianza kukata matumizi kabla ya kuweka benki, fomu na taarifa ya benki hazitalingana tena, na hakuna mkaguzi atakayeweza kuwatetea.

Njia zinazolipa

Kiasi kikubwa hutoka kwa wachache. Andaeni orodha ya watu na biashara 20 mnaoweza kuwafikia kupitia mtu wanayemfahamu, kisha muwaombe kabla ya kutangaza kwa umma. Ombeni kitu kinachoonekana: "tunaomba mtulipie elektrodi za mwaka mzima" hupata jibu haraka kuliko "tunaomba msaada wowote". Barua iwe ya ukurasa mmoja, ifuatwe na simu baada ya siku saba. Mkishapata kama theluthi ya lengo, tangazeni hadharani. Watu huchangia jambo lililokwisha kuanza kusogea.

Michango midogo ya kila mwezi inadharauliwa bila sababu. Watu 40 wakitoa kiasi kimoja kila mwezi ni viasi 480 kwa mwaka, na hiyo ndiyo hulipa karatasi na betri, vitu ambavyo hakuna mfadhili anayetaka kupigwa picha navyo.

Orodha ya wagonjwa msiiguse. Namba za simu walizotoa ili watibiwe si za kuombea fedha, hata kama mtumishi yuko tayari kuwapa. Mnaloweza kufanya ni kubandika tangazo na kuwaachia watu fomu ya kujiandikisha wenyewe. Vilevile msitumie picha wala habari za mgonjwa bila ridhaa yake ya maandishi, akielezwa itatumika wapi na kwamba anaweza kuiondoa.

Matembezi ya hisani yanafaa kikundi kipya kwa kuwa gharama zake ni ndogo. Yahitaji wiki 10. Wiki ya kwanza chagueni njia ya kilomita 5 na muitembee wenyewe, mkiandika kila makutano. Kila makutano yatahitaji msimamizi mmoja mwenye fulana inayong'aa. Wiki ya pili ombeni kibali cha barabara na muulize kuhusu bima. Wiki ya nne toeni fomu za wadhamini, zenye namba. Maji yawe nusu lita kwa kila mtu kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kukiwa na jua kali. Mhudumu wa huduma ya kwanza awepo njiani, asiwe amekaa jukwaani.

Tatizo huja baada ya siku yenyewe: watembeaji wana ahadi mfukoni, na wadhamini wameshasahau. Wekeni siku ya mwisho ya kuwasilisha, wiki mbili baada ya matembezi, na katibu apige simu kwa kila namba ya fomu ambayo haijarudi. Bila hivyo hesabuni kwamba sehemu ya ahadi hizo imekwisha kupotea.

Kwa bahati nasibu, tiketi ziwe na namba na vishina, yaani vipande vinavyobaki kitabuni tiketi ikikatwa. Kila muuzaji atie sahihi anapochukua kitabu, na tiketi zisizouzwa zirudi kabla ya droo. Hesabu ni moja: zilizochapwa, toa zilizorudi, zidisha kwa bei, iwe sawa na fedha iliyoingia. Tukio lolote likila zaidi ya theluthi ya mapato yake, msilirudie.

Makabidhiano

Lipeni muuzaji sehemu ya mwisho baada ya kifaa kufungwa na kujaribiwa mbele ya muuguzi atakayekitumia. Hati ya makabidhiano iwe na namba ya kifaa, tarehe ya dhamana kuisha, orodha ya vilivyokuja nacho hadi waya wa mwisho, na sahihi za pande zote. Ndani ya siku 30 bandikeni kliniki karatasi moja: kilichopatikana, gharama, kilichonunuliwa, salio.

Baada ya miezi mitatu nendeni mkakione, kisha kila mwaka. Msiulize kama kinafanya kazi, kwa sababu mtajibiwa ndiyo kwa adabu. Ombeni kuona daftari la matumizi na pakiti ya elektrodi iliyofunguliwa. Mkikikuta kabatini, sababu huwa ni moja kati ya tatu: waya umekatika, karatasi imeisha, au aliyefunzwa amehama. Zote tatu zilikuwa kwenye ile 73 iliyoongezwa juu ya 100, na fedha yake inapaswa kuwa bado iko benki.