Kuiandaa timu kwa University Challenge

Katika shindano hili la maswali na majibu la televisheni ya Uingereza, lililoanza mwaka 1962, kila timu ina wanafunzi wanne. Mchezo umesimama juu ya kitufe anachobonyeza anayetaka kujibu, kwa hiyo anzeni mazoezi hapo.

Swali la kufungulia lina alama 10 na hujibiwa na mtu mmoja, bila kunong'onezana. Ukimkatiza msomaji kisha ukakosea, timu inapoteza alama 5, na wapinzani wanasomewa swali lote kwa raha zao. Mazoezini, mmoja asome maswali kwa sauti nanyi mvizie lile neno ambalo baada yake jibu linabaki moja tu. Bonyeza hapo, si kabla. Jibu liwe tayari mdomoni, maana ukishatajwa jina unatakiwa kujibu papo hapo.

Aliyepatia huiletea timu yake maswali matatu ya ziada, alama 5 kila moja, mara nyingi ya mada moja. Hapa mnashauriana na nahodha ndiye hujibu. Akitaka, humteua mwenzake, jambo la busara sana jina likiwa gumu kutamka. Muda mwingi hupotea hapa wote wanne wakisema kwa pamoja. Mwenye uhakika aseme "nina uhakika", anayebahatisha aseme anabahatisha. Hakuna anayejua? Nahodha apite haraka, kwa sababu kengele ya mwisho haingoji swali limalizike.

Gawaneni sayansi, historia, fasihi na jiografia. Msisahau maswali ya picha na muziki: bendera, michoro maarufu, watunzi wa muziki wa okestra.