Somo: Kuzuia maji ya jaa la taka yasifike kisimani

Mchanga wa Lamu haushiki kitu. Maji matamu ya mji yamelala chini ya vilima vya mchanga vya Shela, yakielea juu ya maji ya chumvi. Mvua ikipita kwenye taka zilizofukiwa huko, inashuka nazo. Somo hili ni la jaa dogo la mtaa. La mji mzima waachieni wahandisi.

Hatua ya 1. Kaa mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote. Kwenye mchanga mtupu, ongeza. Sakafu ya shimo ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji, ukipima wakati wa masika. Mwamba wa matumbawe usikudanganye, una matundu.

Hatua ya 2. Sakafuni na kwenye kuta weka udongo wa mfinyanzi. Kwanza upime: lowanisha kidogo, uviringe uwe uzi wa milimita 3. Ukikatika mapema, una mchanga mwingi. Tandaza sentimita 15, shindilia, parura uso, ongeza tabaka jingine, hadi sentimita 60. Uwe na unyevu: mkavu hubaki madonge, na maji hupenya kati ya madonge. Ukishindiliwa sawasawa hupitisha maji kama sentimita 3 kwa mwaka. Mchanga hupitisha mita kadhaa kwa siku.

Hatua ya 3. Juu ya mfinyanzi wa sakafuni, kokoto sentimita 30, zikiinamia kishimo cha kuchotea maji machafu. Wengi huiruka, kisha jaa linafurika.

Hatua ya 4. Kifuniko: mfinyanzi sentimita 45, udongo wa nyasi 15, kwa mteremko. Nguvu nyingi ziende hapa. Mvua isipoingia, cha kuvuja ni kidogo.

MASWALI

*Fundi, huku kwetu mfinyanzi hakuna. Mchanga laini juu ya kokoto utafaa?*
Kwa kifuniko, kiasi, dada. Mchanga laini hung'ang'ania maji, hayaingii kwenye kokoto mpaka ukaribie kushiba. Lakini mvua ya Mei ikinyesha mfululizo, utashiba. Sakafuni usiutegemee.

*Udongo utachuja sumu zote?*
La. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, hushika madini kama risasi na zinki. Chumvi na nitrati hupita. Betri na oili chafu zisiingie humu kabisa.

*Jaa letu la zamani liko mita 10 tu kutoka kisima. Tuchemshe maji?*
Kuchemsha huua vijidudu, bwana, lakini nitrati hubaki, tena huzidi maji yakipungua. Lifunikeni kabla ya masika, na kisima hicho msikinywe hadi maji yapimwe maabara.