Jinsi ya Kuandaa Minazuki ya Tarehe 30 Juni Jikoni Mwako Kisumu

Tarehe 30 Juni, wakati wengi wetu hapa Kisumu tunakimbizana kuwasilisha ripoti za ushuru kabla ya saa sita ya usiku, wenyeji wa Kyoto nchini Japani hula kipande cha pembetatu cha kitamutamu kiitwacho minazuki, cheupe chini na chenye maharagwe mekundu juu. Siku hiyo ndiyo inayoukata mwaka nusu kwa nusu, na katika mahekalu ya Shinto, dini ya jadi ya Japani, hufanyika ibada ya Nagoshi no Harae ya kujitakasa uchafu wa miezi sita iliyopita.

Inafaa kujua maana ya umbo lake kabla ya kuwasha jiko. Zamani, barafu iliyohifadhiwa tangu majira ya baridi ilipelekwa kwa mfalme na wakuu wake, nayo ilikuwa adimu mno kwa mtu wa kawaida kuionja, ndiyo sababu inasimuliwa kuwa watu walijitengenezea kipande cheupe chenye ncha mfano wa kigae cha barafu. Maharagwe mekundu huaminika kufukuza mabaya. Kyoto imezungukwa na milima pande tatu, na mvua za Juni zikikutana na joto, hewa huwa nzito. Mkazi wa Kisumu hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini barafu ilitamaniwa.

Kazi kubwa iko kwenye maharagwe, kwa hiyo yaanze siku moja kabla. Wajapani hutumia azuki, ambayo si rahisi kuipata sokoni kwetu. Kwa maoni yangu, badala iliyo bora ni wairimu, kwa kuwa punje zake ni ndogo na nyekundu. Maharagwe ya nyayo ni makubwa mno na huvuruga sura ya kipande. Chagua gramu 100, ziloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha uzichemshe kwa maji mapya. Yakishatokota kwa nguvu kwa dakika kumi, punguza moto na uache yaive polepole, kwa sababu yakiendelea kurukaruka sufuriani maganda hupasuka. Punje iliyoiva husagika ukiibana kati ya vidole viwili, lakini bado ina umbo lake. Yachuje, kisha uyatie katika shira ya moto ya gramu 100 za sukari na kikombe kimoja cha maji, na uyaache humo saa kadhaa yakolee utamu.

Sehemu nyeupe ni rahisi zaidi. Changanya gramu 100 za unga wa mchele uliosagwa laini (mchele wa Ahero unafaa), gramu 50 za unga wa ngano na gramu 80 za sukari, kisha umimine mililita 300 za maji kidogo kidogo huku ukikoroga, na uuchuje usibaki na madonge. Unga wa ngano usiuache, maana mchele wetu haunati kama wa Kijapani na kipande kingemeguka. Weka kando vijiko vinne vya uji huo, na uliobaki uumimine katika chombo cha mraba cha sentimita 15 kilichopakwa mafuta kidogo, kisha ukipike kwa mvuke dakika 20.

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza: sikufunga kitambaa kwenye kifuniko cha sufuria, matone ya mvuke yakadondoka, na uso wote ukajaa vishimo kama barabara baada ya masika. Funga kitambaa kikavu. Uso ukishashikana, futa unyevu, tandaza maharagwe yaliyochujwa, nyunyiza juu yake ule uji uliobakizwa ili uyagandishe, na uendelee kwa mvuke dakika 15.

Subiri kipoe kabisa kabla ya kukata, hata kama watoto wamesimama mlangoni. Lowesha kisu, kata miraba minne, kisha kila mraba uukate kutoka pembe hadi pembe, upate pembetatu nane.

Huko Kyoto, siku hiyo watu hupita pia katika chinowa, pete kubwa ya nyasi inayosimamishwa hekaluni, wakiizunguka mara tatu kwa mtindo wa tarakimu 8: kushoto, kulia, kisha kushoto tena. Nyasi hizo, chigaya, ni za aina inayoezekea nyumba hata huku kwetu, lakini sishauri kuifunga pete hiyo uani, kwa sababu ni chombo cha ibada, tofauti na kitamutamu ambacho duka la Kyoto humuuzia yeyote.

Minazuki huliwa siku ileile. Ikibaki, ifunike na uipashe kwa mvuke dakika tano asubuhi, wala usiiweke kwenye friji, kwani mchele ukipata baridi hukakamaa.