Namna ya Kutafuta Ukweli Kabla ya Kumsema Mwenzako

Ukisikia katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kwamba mshirika mwenzako wa kanisani amekula fedha za kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kwanza muulize aliyekuambia kama aliona kwa macho yake au naye aliambiwa. Akibabaika, habari hiyo iishie kwako. Akisema aliona, mwendee mhusika faraghani, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, umwombe daftari la michango, kisha unyamaze mpaka amalize kueleza, kwa maana Mithali 18:13 huita upumbavu kujibu kabla ya kusikia; hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Hesabu ikiwa sahihi, mrudie mleta habari siku hiyohiyo umweleze ulichokiona. Kosa likithibitika naye akakataa kusikia, chukua shahidi mmoja au wawili kabla ya kulifikisha kanisani.