Somo: Kufanya utafiti wa majeraha ya risasi pamoja na wakazi

Wengi huanza utafiti huu na dodoso mkononi. Dodoso lisubiri.

Hatua ya 1: Kaa na watu kwanza. Tafuta waliopona risasi, waliozika, vijana waliowahi kubeba bastola, viongozi wa dini na wauza bunduki. Ndiyo, hata wauza bunduki. Huko New Hampshire, Marekani, mwaka 2009, watu watatu walinunua silaha duka moja ndani ya wiki moja, na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Wenye maduka walikaa na wataalamu wa afya ya jamii, wakatunga mwongozo wa kumtambua mteja aliye katika dhiki, na mabango yakabandikwa madukani. Mtafiti ambaye angeingia na lawama asingefika hata kaunta.

Hatua ya 2: Kubalianeni ni jeraha lipi. Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya kujiua, ilhali kwenye mikutano watu huzungumzia majambazi tu. Kujiua, ugomvi wa vijana na mtoto kuokota bastola ni mambo matatu tofauti. Chagueni moja.

Hatua ya 3: Msitegemee takwimu za polisi peke yake. Hapa ndipo penye kazi. Jonathan Shepherd, daktari wa upasuaji wa uso na taya mjini Cardiff, Wales, aligundua kwamba majeruhi wengi wa vurugu waliofika hospitalini hawakuwa kwenye kumbukumbu za polisi. Ikawa mtu wa mapokezi, idara ya dharura, anauliza: ni wapi hasa, saa ngapi, kwa silaha gani? Jibu la "mjini" halitoshi. Andika jina la baa, au kona ya barabara. Majina ya majeruhi huondolewa kabla orodha haijatoka hospitalini. Kule vurugu zilikuwa za ngumi na glasi zaidi kuliko bunduki, lakini utaratibu unafaa kote, na Marekani wameuchukua.

Hatua ya 4: Jaribuni jambo, mkiwa na cha kulinganisha. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti waligawa viwanja 541 vilivyotelekezwa katika makundi matatu kwa bahati nasibu. Vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao. Vingine vilizolewa taka na kufyekwa nyasi tu, na vingine viliachwa kama vilivyo. Matokeo yalichapishwa 2018: katika mitaa maskini zaidi, matukio ya bunduki yalipungua kwa 29%. Wazo la usafi lingeweza kutoka kwa mkazi yeyote. Kura ya bahati nasibu ndiyo iliyofanya liaminike.

Hatua ya 5: Rudisheni matokeo mtaani kabla ya kuchapisha. Na wakazi waliofanya kazi walipwe. Chai na cheti si malipo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mhojiwa akinitajia bastola isiyo na leseni, niripoti?*
Fomu ya ridhaa iseme mapema nini kitabaki siri na nini hakitabaki. Sheria hutofautiana kwa nchi, kwa hiyo peleka swali hilo kwenye kamati ya maadili kabla ya kuingia mtaani. Na kama utafiti hauhitaji habari za leseni, usiulize.

*Kumuuliza mtu kuhusu kujiua si kumtia wazo kichwani?*
Hapana, tafiti hazionyeshi hivyo. Ila akikujibu ndiyo, mahojiano yameisha: kaa naye mpaka apatikane wa kumsaidia, na silaha isogezwe mbali naye.

*Sisi tumeshagawa kufuli za bunduki. Bado kuna haja ya utafiti?*
Kugawa ni nusu ya kazi. Rudini baada ya miezi kadhaa, na msiulize "Je, unaitumia?" maana kila mtu atasema ndiyo. Ulizeni ufunguo unakaa wapi, na nani mwingine nyumbani anapajua.