Kifundo kikiteguka kwenye tereni ya mawe

Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji. Kwenye tereni nyingi za mtaani, yaani viwanja vya mpira, chini ya vumbi jeusi kuna jiwe lisilosogea. Mchezaji anaruka kupiga kichwa, anashuka nusu jiwe nusu vumbi, unyayo unapinda kwa ndani. Kano za upande wa nje wa kifundo, hasa ile ya mbele, zinavutika kupita kiasi au kuchanika. Mechi ikielekea mwisho hatari inazidi, maana misuli iliyochoka haiwahi kuushika mguu.

Msuli wa nyuma ya paja ni habari nyingine: unachanika mtu akitimua mbio, anashika paja ghafla na hakuna aliyemgusa. Muundi unaouma polepole, wiki hadi wiki, umezidishiwa mazoezi kwenye ardhi ngumu. Dawa yake kubwa ni kupumzika. Mikwaruzo ya lava ioshwe kwa maji safi na sabuni hadi punje nyeusi zitoke, na chanjo ya pepopunda iulizwe.

Turudi kwenye kifundo. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa nundu zote mbili, ya ndani na ya nje, kuanzia ncha ya chini kupanda sentimita 6. Kisha mwambie atembee hatua 4. Mfupa ukiuma pale pale unapobonyeza, au hatua zikimshinda, apakiwe kwenye pikipiki akapigwe radio, yaani picha ya eksirei. Uvimbe pekee usikutishe: kano huweza kuvimba kama embe na mfupa ukawa mzima.

Kama mfupa hauna neno, weka barafu dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa 2 au 3 siku ya kwanza. Sasheti ya maji iliyoganda inafaa, ila izungushie kitambaa, la sivyo ngozi itaungua kwa baridi. Bandeji ianzie karibu na vidole ikipanda. Vidole vikifa ganzi au kupoa, ilegeze. Akilala, mguu uinuliwe juu ya mito.

Kosa tunaloliona kila wiki ni kukanda kwa nguvu na maji ya moto jioni ile ile. Damu inazidi kuvujia ndani, na asubuhi kiatu hakiingii. Siku 3 za kwanza, msikande.

Kabla ya kurudi kucheza, asimame kwa mguu ulioumia sekunde 30, kisha aruke kwa mguu huo huo mara 10. Akiyumba au akikunja uso, abaki benchi.